Atenyueta kwenye ampu ya valvu: inaua toni, au masikio ndiyo yanatudanganya?

NyuziSita (#1)
Wakuu, salaam. Nina ampu ya valvu ya wati 50, valvu mbili za nguvu aina ya EL34, haina masta volyumu, kile kitasa cha kushusha sauti huku mkwaruzo ukibaki. Utamu wake wote uko juu. Volyumu ikifika saba hivi, valvu za nguvu zinaanza kukwaruza, noti inabanwa kidogo unapoipiga kisha inachanua, na ukilegeza mkono sauti inasafika yenyewe bila kugusa kitasa. Sasa hapo saba milango inatetemeka, na jirani anajua ni kipande gani nafanyia mazoezi na ni wapi kinanishinda.

Nikachukua atenyueta, kiboksi cha kumeza sehemu ya nguvu ya ampu, nikaifunga kati ya ampu na spika. Nikipunguza kidogo, safi kabisa. Nikiishusha hadi sauti ya kupiga usiku, toni inakufa, kama spika imetupiwa blanketi. Besi hakuna, makali hakuna, kimebaki kitu cha katikati kinachong'ong'a.

Hoja yangu: "sauti ileile kwa volyumu ndogo" ni maneno ya matangazo. Haipo. Anayepinga aje na sababu, asije na "mimi yangu iko poa".

KambiYaKudumu (#2)
Ngoja waje wataalamu. Nimeweka kambi.

Fundi Solda (#3)
Mkuu, hujasema ni ya aina gani, na hapo ndipo kesi ilipo. Zipo za rezista tupu: umeme unaingia, sehemu kubwa inageuka joto, kinachobaki kinakwenda kwenye spika. Zipo zenye koili na kapasita ndani, zinazojitahidi kuiga tabia ya spika. Na zipo zinazomeza nguvu yote ya ampu, zinachota ishara kidogo tu na kuikuza upya kwa pawa-ampu yao wenyewe. Fryette Power Station ni ya kundi hilo la mwisho.

Kwa nini nauliza? Kwa sababu spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye omu 8. Hiyo namba ni jina tu. Kwenye masafa ya chini ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe, kwa spika nyingi za gitaa za inchi 12 ni karibu na hezi 100 au chini yake kidogo, impidensi, yaani upinzani wake kwa umeme wa ishara, inaruka hadi makumi ya omu. Inashuka karibu na ile 8 kwenye hezi mia kadhaa, halafu inapanda tena taratibu kuelekea juu kwa sababu ya koili ya sauti. Ampu ya valvu inaufuata huo mlima. Impidensi ikipanda, volti zinazofika kwenye spika nazo zinapanda. Ile besi inayokusukuma kifuani na yale makali ya juu, sehemu yake kubwa inatoka hapo. Ukiweka mbele ya ampu rezista ya omu 8 isiyobadilika na masafa, umeusawazisha mlima. Kinachobaki ni katikati, sawasawa na unavyolalamika.

NyuziSita (#4)
Ni ya rezista. Swichi ya hatua nne nne za desibeli, kisha kitasa cha mwisho cha usiku. Hicho kitasa ndicho muuaji.

Mama Besi (#5)
Fundi kasema kweli, ila kaanza na mshitakiwa namba mbili. Namba moja ni sikio.

Fletcher na Munson walilichapisha hili mwaka 1933: sauti ikishuka, sikio la binadamu linapoteza besi kwanza, na makali ya juu yanafuata, wakati katikati inabaki inasikika vizuri tu. Ndiyo maana redio za zamani zilikuwa na kile kitufe cha "loudness". Kwa hiyo hata ukipata atenyueta ya mbinguni isiyogusa chochote, ukishuka desibeli 20 utasikia kilekile anachokisikia mleta uzi.

Kupima ni rahisi. Maikrofoni mbele ya spika, isisogee hata kidogo. Rekodi ukiwa wazi, rekodi ukiwa umeshusha. Ingiza kwenye kompyuta, pandisha ile ndogo hadi zilingane, kisha sikiliza zote kwa kiwango kimoja. Tofauti ikiyeyuka, mwizi ni sikio lako. Ikibaki, mwite Fundi.

Bin Reva (#6)
Nyote mmeisahau spika! Spika ya gitaa si kama ya hi-fi, yenyewe ni ala. Chukua Celestion Greenback, imeandikwa wati 25. Ukiisukuma karibu na hizo 25, koni inajikunja, ukingo unachoka kufuata, noti inabanwa na kukwaruza kwa namna yake. Ukiipa nusu wati imelala usingizi. Atenyueta inakaa KABLA ya spika, kwa hiyo huo mkwaruzo hauwezi kurudi, hata uwe na koili za dhahabu.

Mimi hesabu yangu: theluthi ya toni inatoka priampu (hatua ya kwanza ya kukuza ishara), theluthi valvu za nguvu, theluthi spika. Atenyueta inakuuzia theluthi mbili.

Fundi Solda (#7)
Bin Reva, hizo theluthi umezipima kwa rula gani?

Bin Reva (#8)
Kwa hili sikio ambalo Mama Besi anasema ni mwizi 😂

Kidole Gumba (#9)
Wakuu mimi mgeni kwenye valvu, nimetokea za transista. Swali: kama nataka ukimya kabisa, si nichomoe spika tu nitumie hedifoni kwenye ile tundu ya "line out"? Na kuunganisha atenyueta na ampu naweza kutumia waya wa gitaa? Tundu zinafanana.

Transfoma Mzee (#10)
USICHOMOE. Kijana, kabla hujagusa chochote soma hapa.

Ampu ya transista haiogopi kuachwa bila spika, inaogopa shoti. Ya valvu ni kinyume chake. Transfoma ya kutokea inahitaji mzigo upande wa spika. Usipokuwepo na wewe unapiga kwa nguvu, ile nishati iliyo kwenye kiini cha transfoma haina pa kwenda, inarudi upande wa valvu kama mruko wa volti, maelfu ya volti kwa kufumba na kufumbua. Kitakachopasuka ni kile dhaifu kuliko vyote: valvu, soketi, au nyaya za ndani za transfoma yenyewe.

Ampu ya aina hiyo ililetwa mezani kwangu. Mwenyewe anasema "imekata tu". Nilipochomoa EL34, soketi ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka pini ya 3 hadi pini ya 2, kama umechorwa kwa penseli. Pini ya 3 ni anodi, ya 2 ni hita. Cheche imeruka hapo, imechoma plastiki, na plastiki iliyoungua ni kaboni, kaboni inapitisha umeme. Ukiikwangua na kuweka valvu mpya, itaruka tena palepale. Soketi inatupwa. Nikafuatilia nyuma: alikuwa ametengeneza atenyueta yake kwa kitasa cha L-pad, vile vya kupunguza sauti vinavyowekwa kwenye twita, spika ndogo za makali, za hi-fi. Brashi ya ndani ikapata joto, ikainuka kutoka kwenye waya, saketi ikakatika katikati ya wimbo.

Waya wa gitaa pia hapana. Ndani ni uzi mwembamba wa shaba wa kupitisha ishara ndogo. Kati ya ampu na atenyueta, na kati ya atenyueta na spika, ni waya wa spika, miwili minene isiyo na kinga ya kuzunguka. Plagi inafanana, kazi haifanani.

Kidole Gumba (#11)
Daah. Shukrani mzee. Nilikuwa nimeshaushika waya mkononi.

Dada Feni (#12)
Nakazia la mzee na kuongeza moja: ile namba ya wati kwenye atenyueta. Ampu ya "wati 100" inapimwa ikiwa bado safi. Ukiikamua hadi mawimbi yawe ya mraba inatoa zaidi ya hapo, kinadharia hadi mara mbili. Atenyueta ya wati 100 nyuma ya ampu ya wati 100 iliyokamuliwa iko ukingoni. Mimi sishuki chini ya mara moja na nusu, na siiweki juu ya ampu palepale joto la valvu linapopandia.

Tena msishangae mkisikia kiboksi kinaimba. Ukishusha sana, usiku, unasikia gitaa lako kwa mbali linatoka ndani ya chuma. Ni koili na transfoma zinatetemeka. Si mbovu.

Wati Moja (#13)
Uzi mrefu hivi kwa tatizo la kujitakia. Nunua ampu ya wati 5. Au ya wati 1. Kamua hadi mwisho, valvu zinakwaruza kwa haki, hakuna atenyueta, hakuna soketi nyeusi. Wati 50 ndani ya chumba ni kiburi.

Mama Besi (#14)
Wati Moja, jina lako zuri lakini hesabu inakukataa. Spika nyingi za gitaa zinatoa desibeli 97 hadi 100 zikipewa wati moja, ukisimama mita moja. WATI MOJA. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60.

Sasa panda na shuka. Spika ya 100: wati 50 ni desibeli 117. Wati 5 ni 107. Nusu wati ni 97. Kila ukigawa nguvu kwa kumi unashuka desibeli 10, na sikio linasikia kama sauti imepungua nusu tu. Ndiyo maana mtu anayeuza ya 100 na kununua ya 50 anashangaa: amepunguza desibeli 3, tofauti anaisikia lakini jirani haisikii. Ya wati 5 ikikamuliwa chumbani bado ni kelele ya bendi. Wanaotafiti afya kazini Marekani, NIOSH, wanasema desibeli 85 kwa saa 8 basi, na kila desibeli 3 juu unakata muda nusu. Kwenye 100 una dakika 15.

Kwa hiyo na wewe mwenye wati moja, kama kweli unapiga usiku, utaishia kununua atenyueta.

Wati Moja (#15)
Ninayo tayari 😅 lakini ni ndogo.

KambiYaKudumu (#16)
Hahaha huyu jamaa! Kambi imelipa.

Mzigo Bandia (#17)
Kuna njia ya bure hamjaitaja. Kama ampu ni ya wati 100 yenye valvu nne, chomoa mbili, unapata karibu 50. Spika unaacha palepale, hugusi kitu kingine.

Fundi Solda (#18)
Sehemu ya mwisho si kweli, naomba isinakiliwe na mtu. Ukichomoa mbili kati ya nne, zilizobaki zinataka mzigo mara mbili upande wao wa transfoma. Kwa hiyo kiteuzi cha omu kinashushwa hatua moja: spika ya 16 unaweka kwenye 8, spika ya 8 unaweka kwenye 4. Na hazichomolewi mbili zozote. Ni mbili za nje au mbili za ndani, ili kila upande wa saketi ubaki na moja. Ukichomoa mbili za upande mmoja, utapiga nusu ya wimbi.

Na kama Mama Besi alivyoonyesha #14, kwa kazi yote hiyo umepata desibeli 3. Mleta uzi mwenyewe ana valvu mbili tu, hana cha kuchomoa.

Mzigo Bandia (#19)
Sawa Fundi, omu nimekuelewa. Ila kwa jukwaani desibeli 3 si haba.

Brauni (#20)
Mpiga gitaa Eddie Van Halen hakuhangaika na haya. Alichukua Variac, transfoma ya kurekebisha volti, akapandisha umeme wa ukutani hadi volti 140, ampu yake ya Marshall ikalia. Ukitaka toni, ongeza, usipunguze.

Transfoma Mzee (#21)
Brauni, hiyo hadithi ya kupandisha ilitoka kwake mwenyewe na imeua ampu za watu. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ANASHUSHA, karibu volti 90 badala ya zile 110 na ushei za Marekani. Ampu inafika kwenye mkwaruzo mapema zaidi, na ukali unapungua. Kwa hiyo hata yeye alikuwa anapunguza. Na Variac inashusha kila kitu, hadi hita za valvu, jambo ambalo hazilipendi zikifanyiwa kwa muda mrefu.

Shida hii ni ya siku nyingi, wanangu. Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi kutoka MIT, alitengeneza Power Soak mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hizihizi. Marshall wao walishaleta 2203 yenye masta volyumu mwaka 1975, mkwaruzo ukahamia priampu. Kila mmoja alikuwa anaikimbia kelele ileile kwa mlango wake.

NyuziSita (#22)
Nimefanya kipimo cha Mama Besi. Maikrofoni haikusogea, nimesawazisha kwenye kompyuta, nimesikiliza kwa hedifoni.

Kati ya wazi na -8: sioni tofauti ya kulalamikia. Kama ipo, iko kwenye besi tu.
Kati ya wazi na -16: makali yamepungua kiasi, bado ni ampu yangu.
Kitasa cha usiku: blanketi lipo hata kwenye rekodi. Si sikio.

Kwa hiyo sikio linahusika huku juu, rezista zinahusika kule chini. Wote mmeshinda, na mimi bado sina toni usiku.

Bin Reva (#23)
Na spika?? Rekodi ya -16 spika yako ilikuwa inapata wati moja na kitu. Hayo makali yaliyopotea unajuaje si koni iliyolala?

Mama Besi (#24)
Bin Reva ana hoja, nalazimika kukubali. Kipimo changu kinatenganisha sikio na vifaa, hakitenganishi rezista na koni. Ili kuvitenganisha ingebidi apime volti kwenye vichwa vya spika kwa kila hatua, kwa kila masafa.

Mkono wa Kushoto (#25)
Mnapima maikrofoni, gitaa mmeliacha nje ya mahesabu. Ukipiga kwa nguvu chumbani, hewa inatikisa mwili wa gitaa na nyuzi zenyewe. Noti inajilisha, inakaa muda mrefu, inageuka kuwa filimbi ukiielekeza kwenye spika. Punguza desibeli 20, hiyo duara imekatika. Mnachokiita "toni imekufa" kwangu ni noti isiyokaa. NyuziSita, noti inakufa haraka au inabadilika rangi?

NyuziSita (#26)
Vyote viwili. Ila umenishtua, kwa sababu kwenye rekodi sikuangalia urefu wa noti.

Fundi Solda (#27)
Niongeze kitu kinachoeleza kwa nini kila mtu hapa ana uzoefu tofauti. Ampu nyingi zina mrejesho hasi: ishara kidogo inarudishwa kutoka kwenye transfoma ya kutokea kwenda nyuma, inaifanya ampu isiyumbishwe sana na ule mlima wa impidensi. Vox AC30 haina. Fender Deluxe ya zamani ya 5E3 haina. Hizo zikipewa mzigo wa rezista zinabadilika tabia kuliko Marshall yenye mrejesho. Mtu wa AC30 na mtu wa Marshall wakitumia kiboksi kimoja watagombana hadi kesho, na wote wanasema ukweli.

Dada Feni (#28)
Mimi natumia AC30 na ya rezista miaka yote. Sioni shida. Haya, nielezeni hiyo.

Fundi Solda (#29)
Unashusha kiasi gani?

Dada Feni (#30)
-4. Jukwaani tu.

Fundi Solda (#31)
...

KambiYaKudumu (#32)
😂😂😂

Kidole Gumba (#33)
Swali dogo. Rafiki yangu anasema atenyueta inamaliza valvu haraka. Kweli?

Transfoma Mzee (#34)
Atenyueta ikilingana omu na ampu haimalizi valvu. Wewe ndiye unayezimaliza, kwa sababu sasa unaweza kupiga kwenye kumi kutwa nzima bila mtu kukugongea mlango. Valvu ikikamuliwa, gridi ya skrini, wavu mdogo ulio ndani yake, inavuta mkondo mwingi na kupata moto, na huko ndiko zinakofia nyingi. Zima taa uangalie ndani ukiwa umeikamua: hita ya rangi ya chungwa ni sawa. Bamba la nje likianza wekundu, zima ampu papo hapo.

Mzigo Bandia (#35)
Nabisha kidogo, mzee. Nina wasiwasi na zile zenye koili. Zinarudisha mruko kwenye ampu kama spika halisi, rezista hairudishi. Kwa transfoma, rezista ni mzigo mpole zaidi.

Transfoma Mzee (#36)
Ampu ilizaliwa kwa ajili ya spika, na spika ni koili. Itaogopaje koili?

Mzigo Bandia (#37)
Spika ina koni inayotembea na kula hiyo nishati. Koili iliyofungwa ndani ya kiboksi haina koni.

Dada Feni (#38)
Weber Mass wana mota ya spika halisi ndani, isiyo na koni, inatikisika kwenye kiboksi. Mkihitimisha ugomvi wenu mnijulishe hiyo inaangukia upande gani.

Wati Moja (#39)
NyuziSita, ushauri wa bure wa mwenye kaampu kadogo: usikae kwenye kumi ukishusha kwa kitasa cha usiku. Rudisha volyumu ya ampu hadi nne au tano, weka atenyueta kwenye -12, ongeza makali kidogo kwenye ampu yenyewe, na besi pia. Mkwaruzo wa mwisho utaukopa kwa pedali. Utakosa kuchanua, lakini blanketi linaondoka.

Bin Reva (#40)
Au badilisha spika, weka ya desibeli 97 badala ya 100. Umepata -3 bila rezista hata moja.

Chumba Kimya (#41)
Mnaumia bure. Chukua mzigo bandia wenye koili, kifaa kinachokaa mahali pa spika, ishara inaingia kwenye kompyuta, unapakia faili inayoiga kabati la spika na maikrofoni, hedifoni kichwani. Valvu kwenye kumi, chumba kimya. Two Notes na Universal Audio wanazo za namna hiyo.

Mkono wa Kushoto (#42)
Na nyuzi zinatikiswa na nini, mkuu? Rudi #25.

Chumba Kimya (#43)
Na vidole vyangu.

NyuziSita (#44)
Wati Moja, nimejaribu mpango wako jioni hii. Nne na nusu, -12, makali juu. Kwa usiku inapigika, sikatai. Kuchanua hakuna, kama ulivyosema. Wikiendi naazima yenye koili kwa mtu, nitarekodi zote mbili kwa -16 na safari hii nitapima urefu wa noti pia. Mama Besi, hizo volti kwenye vichwa vya spika napima kwa mita ya kawaida au inahitaji osiloskopu, ile inayochora mawimbi ya umeme?

Mama Besi (#45)
Mita ya kawaida nyingi zinadanganya ukipanda masafa ya juu. Tafuta osiloskopu, na uingize toni ya sini (sauti moja safi ya kupimia), sio gitaa. Na punguza volyumu kwanza, sini kwenye saba haina huruma na hiyo EL34 yako.

Kidole Gumba (#46)
Wakuu, kabati langu ni la omu 16 na atenyueta niliyoletewa imeandikwa omu 8 tu. Naunganisha?

Fundi Solda (#47)
Subiri kwanza. Tupia picha ya nyuma ya ampu na ya kiboksi, nione kiteuzi.